Dada Staa, Huyo Uliyemwegemea ni Msanii Mwenzio!

Wadau, mmeziona picha za yule dada yetu msanii akiwa Polignano a Mare, kusini mwa Italia? Gauni limekaa, bahari ya bluu, hapo sina neno. Kilichonikera ni ile kaegemea sanamu ya mwanaume aliyetanua mikono, chini kaandika "mimi na babu wa Kizungu".

Babu? Huyo ni Domenico Modugno! Kazaliwa mji huohuo mwaka 1928, na wimbo wake ambao wengi wanauita Volare ulizoa tuzo mbili kubwa kwenye Grammy za kwanza kabisa, 1959. Yaani mtu anaota Grammy kila akihojiwa, halafu anamwegemea mwenye nazo bila kumjua.

Angemlipa mwongoza watalii wa palepale, akatembezwa kwa miguu hata saa mbili, angeambiwa. Mji mkongwe wenyewe mdogo: unaingilia Arco Marchesale, lango la zamani, unakatiza vichochoro vyenye mashairi yaliyoandikwa kwenye milango na ngazi (ngazi zina mistari kuliko baadhi ya nyimbo zetu, samahani), unatokea juu ya mwamba, chini kule ufukwe wa kokoto wa Lama Monachile.

Ila mastaa wetu kumlipa mtu awaelekeze wanaona hasara, wakati mpiga picha wamempandisha ndege. Na wadogo zetu wanaowafuata wanajua kusafiri ni kubadilisha nguo tu.

Mimi nasema abadilishe yale maelezo leo leo. Nyie mnaonaje?