Kamari: Dhamiri Yetu au Shinikizo la Wengine?

Serikali ikipiga marufuku kamari kwa kushinikizwa na taifa lenye nguvu, je, tuipongeze au tuihuzunikie?

Mwezi Agosti 2019, China, ambayo sheria zake zinakataza kamari, iliitaka Ufilipino ifunge kamari zote za mtandaoni, kwa kuwa wachezaji wengi walikuwa raia wa China. Rais Rodrigo Duterte alikataa, akisema nchi ilihitaji mapato hayo. Kambodia ilitii upesi: mwezi huohuo ilisimamisha utoaji wa leseni, na mwaka ulipokwisha kamari hizo zikawa marufuku. Wachina waliondoka kwa maelfu katika mji wa Sihanoukville. Lakini baadhi ya majengo ya kamari yakageuka makambi ya utapeli, na mwaka 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wapatao 100,000 walikuwa wakilazimishwa kazi hiyo nchini humo.

Ufilipino ilibadili msimamo tarehe 22 Julai 2024. Rais Ferdinand Marcos Mdogo alitangaza marufuku baada ya misako na mahojiano ya Seneti kufichua utekaji, mateso na biashara haramu ya binadamu. Hata hivyo, kamari za mtandaoni zinazowalenga Wafilipino wenyewe ziliendelea kwa leseni, hata Maaskofu wa nchi hiyo wakazilaani kwa waraka wa kichungaji mwezi Julai 2025.

Sisi twasema hivi. Jirani akikuonya kwamba paa lako linaungua, huuachi moto kwa sababu onyo limetoka ng'ambo ya ua. Jambo la haki halipotezi haki yake kwa kutamkwa na mgeni. Lakini sheria iliyotungwa kwa hofu humlinda yule anayeogopwa, wala si mnyonge wa nyumbani. Ndiyo maana Kambodia ilifunga milango ya kamari bila kumkomboa mtumwa, na Ufilipino ikamwokoa mgeni huku mwananchi akiendelea kunyonywa.

Basi tudai sheria itokanayo na hadhi ya binadamu: ijadiliwe bungeni kwa uwazi, iwakomboe waliotekwa, iwatafutie kazi wanaopoteza ajira, na imlinde mtoto wa nchi kama imlindavyo mgeni. Viongozi wa walei, lipelekeni swali hili katika Jumuiya Ndogo Ndogo: mshahara unaoishia kwenye kamari katika mtaa wetu unamsubiri balozi gani aje kuulilia?