Barua ya Deni



Barua yaweza kufika nyumbani, huko Mulongwe ama Kalundu, ikisema: “Lipa kabla ya siku nane, la sivyo utafungwa.” Mama ataka kuuza wavu wa ndagala apate fedha, baba ataka kuitupa motoni. Wote wawili wakosea.

Kwanza, tazameni ni nani aliyeiandika. Mtoza deni si hakimu. Agano la Mataifa juu ya haki za raia, ambalo nchi yetu ililikubali mwaka 1976, lakataza kumfunga mtu kwa sababu tu hawezi kutimiza mapatano. Walakini aliyekopa kwa hila, huyo ana shauri jingine.

Pili, jibuni kwa maandishi: “Nioneshe mkataba, hesabu ya deni, na ruhusa uliyopewa na mwenye mali.” Wekeni nakala. Msitie sahihi wala kidole kabla ya kusomewa yote.

Tatu, karatasi ikiletwa na mjumbe wa tribinali, ndiye wisye, msingoje. Tangu mwaka 2012 nchi yetu yafuata sheria za OHADA: hakimu aweza kuamuru deni lilipwe kabla hajakusikia, nawe wapewa siku chache tu za kupinga. Siku hizo, na tribinali ya kuendea, zaandikwa humo humo. Zikipita bure, mali yako yaweza kukamatwa.

Na deni likiwa la kweli? Nenda kwa mkopeshaji, mpatane kulipa kidogo kidogo, upokee risiti kila mara. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini lipa deni lako, na umlipe mwenyewe.