Migresheni nne kwa mpigo? Wacheni jokes

Wasee, tuache kudanganyana. Kila mtu akilalamika kwamba migresheni za databesi, yaani kubadilisha muundo wa majedwali, zinachukua muda, lazima atokee mjuaji: "Si uziendeshe zote pamoja!" Mimi nilimsikiza. Nikarusha nne usiku, zote kwa jedwali moja la malipo kwenye PostgreSQL. App ikalala.

Shida ni hii. ALTER TABLE nyingi hushika kufuli zito: haandiki mtu, hasomi mtu. Ikikuta swala refu halijaisha, inangoja, na kila swala linalofika baadaye linapanga foleni nyuma yake. Leta mafundi wanne wabadilishe mlango mmoja uone. Mmoja anafanya kazi, watatu wamesimama, na wewe mwenye nyumba umefungiwa nje.

Kama kila mteja ana databesi yake, sawa, hiyo ni milango tofauti. Endesha nne nne, ukichunga diski. Lakini jedwali moja? Moja baada ya nyingine. Weka lock_timeout ya sekunde chache. Ikikosa kufuli iachie, ujaribu tena baadaye. Faharasa jenga kwa CREATE INDEX CONCURRENTLY. Inachukua muda zaidi, ndiyo, lakini watu wanaendelea kulipa.

Mteja hajali ulimaliza saa ngapi. Anataka app ifunguke. Na wewe mjuaji, saa nane usiku nikimweleza bosi, ulikuwa wapi? Umelala.