Kabla ya Kumvisha Mwanao Miwani ya Kompyuta

Msomaji, huenda unaikumbuka video ya Michael Jackson ya 1991, "Black or White". Uso wa mtu uligeuka polepole ukawa wa mwingine. Tulishangaa, tukazima televisheni, tukalala.

Siku hizi ufundi kama huo umeingizwa ndani ya miwani inayofunika macho yote. Mnamo 2017 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliiachia kompyuta igeuze video ya uwanja wa chuo, sura za mbwa zikachipuka kila mahali. Waliovaa miwani walieleza maono yanayofanana na ya aliyekula uyoga wa kulevya. Na hakuna aliyemeza chochote!

Sipingi ufundi huu. Lakini jicho likisema mwili unakwenda, nalo sikio la ndani likisema umetulia, mtu hupata kizunguzungu, jasho na kichefuchefu. Hayo kwa kawaida hupita.

Kinachonitia wasiwasi ni kifafa, kwani baadhi ya picha hizi humetameta kwa kasi. Desemba 1997 huko Japani, mimuliko ya rangi nyekundu na buluu katika vibonzo vya Pokémon ilipeleka hospitalini zaidi ya watu 600, wengi wao watoto. Hiyo ilikuwa televisheni tu, si miwani iliyobandikwa usoni.

Kwa hivyo mwenye ukumbi wa michezo anayepokea pesa zako bila kuuliza iwapo mtoto ana kifafa anakosea. Mwambie. Nawe akikuuliza, usimfiche kwa kuona haya, kama tulivyozoea kuwaficha majirani. Na mtoto akilalamika, mvue miwani papo hapo, hata kama dakika ulizolipia hazijaisha.