Mstari si Mshororo: Dhidi ya Kuiachia Tarakilishi Hesabu ya Tungo

Miongoni mwa kazi ambazo wahakiki wa ushairi wa Kiswahili huzidharau, kazi ya kutia nambari katika tungo ndiyo idharauliwayo zaidi. Zamani iliachiwa mpigachapa. Siku hizi huachiwa tarakilishi. Mtafiti huandika utungo katika faili, akaita amri iitwayo nl, au amri cat pamoja na kiambatisho -n, na kufumba na kufumbua kila mstari una nambari yake. Nambari hizo huingia katika tasnifu, zikanukuliwa, zikarithiwa na watafiti wengine bila kuulizwa zilikotoka. Makala haya yanayapinga mazoea hayo. Tunadai kwamba kuhesabu utungo ni tendo la uhakiki, na kwamba anayeiachia mashine tendo hilo huwa amekubali nadharia ya ubeti asiyoijua.

Tuanze na mashine yenyewe. Amri nl haijui ushairi. Kwayo, mstari ni chochote kinachokomea kwenye alama ya kukata mstari. Isipoelekezwa vingine, huiruka mistari mitupu na kuihesabu mingine yote. Cat -n huhesabu yote bila kubagua. Tuchukue shairi la beti 10 zenye mishororo minne minne, kila ubeti ukitengwa na mwenzake kwa mstari mtupu mmoja. Mshororo wa kwanza wa ubeti wa 5 utakuwa nambari 17 kwa nl, na 21 kwa cat -n. Mwandishi akitia anwani juu na mstari mtupu chini yake, nambari hizo zitakuwa 18 na 23. Aliyeupa ukwapi mstari wake na utao mstari wake, bila anwani, atapata 33 kwa nl. Isitoshe, nafasi moja tu ikisahauliwa katika mstari unaodhaniwa kuwa mtupu, nl itauhesabu huo nao. Utungo haukubadilika hata silabi moja, lakini mshororo mmoja umekwisha kupewa nambari tano. Mtahini anayetafuta ‘mstari wa 21’ atafute wapi?

Wapo watakaosema kwamba hili ni suala la makubaliano tu: tuchague amri moja, sote tuitumie. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa linadhani kwamba mipaka ya mstari imekwisha kujulikana kabla ya kuhesabu. Sivyo. Katika miswada mingi ya tendi iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, ubeti mzima wa mishororo minne hukaa katika mstari mmoja. Anayeuhamishia katika hati ya Kilatini na kuukata mara nne amefanya uamuzi wa kiarudhi. Al-Inkishafi nayo ina mizani kumi na moja katika kila mshororo, na kituo baada ya mizani ya sita. Anayekata mstari kwenye kituo hicho anadai kwamba sehemu hizo mbili zinajitegemea. Huenda ana hoja. Lakini ilipaswa aitoe katika utangulizi wake, si kuificha katika kibonyezo cha kukatia mstari.

Utamaduni wetu haukosi mfano wa uzito wa jambo hili. Wanazuoni wa Kiislamu walikwisha kutambua kwamba hesabu ni elimu. Suratul Fatiha ina aya saba kwa hesabu ya Kufa na kwa hesabu ya Madina pia. Lakini Kufa huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza, ilhali Madina haiihesabu, ila huigawa mara mbili sehemu ambayo kwa Kufa ni aya ya mwisho. Maneno ni yale yale, jumla ni ile ile, na mgawanyo ni mbalimbali. Wao waliipa kila hesabu jina la mji wake, ili msomaji ajue anafuata ipi. Sisi twaandika ‘mstari wa 21’ kana kwamba nambari hiyo iliteremka pamoja na shairi.

Charlton Hinman naye, alipotoa nakala ya picha ya toleo la 1623 la tamthilia za Shakespeare mnamo 1968, alihesabu mistari ya chapa, hata ile ya maelekezo ya jukwaani. Hesabu yake ni ya kimashine kama ya nl. Lakini alisema wazi anachokihesabu: mistari ya kitabu kile, si beti za mtunzi. Ndiyo maana inategemeka.

Hatusemi tarakilishi itupwe. Tunasema itumwe na mwenye kujua anachokitaka. Kwanza, utendi uandikwe katika faili kwa kuupa kila ubeti mstari mmoja, mishororo ikitengwa kwa alama, kama walivyofanya wanakili wetu. Hapo nl itahesabu beti, na marejeo yatakuwa ya ubeti na mshororo. Pili, faili ya asili ibaki bila nambari, na matokeo ya amri yawekwe katika faili nyingine. Vinginevyo, amri ikirudiwa, nambari zitatiwa nambari. Tatu, hesabu ya nl ichukuliwe kuwa ya rasimu tu. Mswada wa pili ukileta ubeti usiokuwamo katika wa kwanza, tuseme baada ya ule wa 30, nl itauita 31 na kuzisukuma beti zote zinazofuata. Katika utendi kama Tambuka, wenye beti zaidi ya 1,000, marejeo yote ya watangulizi yatakuwa yamevunjika. Mhariri angeuita 30a. Amri hii haiwezi kuandika 30a, kwa kuwa inahesabu nafasi tu. Haijui ubeti upi ndio upi. Kwa hiyo, nambari za mwisho hazina budi kutiwa na mhariri mwenyewe, na kanuni yake ielezwe.

Tunazidai idara zetu jambo moja. Tasnifu yoyote ya ushairi isikubaliwe mpaka mtahiniwa aeleze amehesabu nini, katika nakala ipi, na kwa kanuni gani. Aya moja yatosha. Tukishindwa kulidai hilo, tutakuwa tunawarithisha wanafunzi wetu marejeo yasiyompeleka msomaji kwenye shairi lolote, na uhakiki usioweza kukaguliwa si uhakiki.