Habari Ambazo Idara ya Fizikia Haizibandiki Ubaoni

Anayetaka kuijua idara ya chuo kikuu asianze na mtaala wake. Asome matangazo inayowaandikia watumishi wake. Rafiki yangu anayefundisha fizikia katika chuo kimoja cha umma, ambacho sina sababu ya kukitaja kwa kuwa vyuo vyetu vinafanana mno, alinitumia matangazo yote ya idara yao ya muhula mmoja, yale ya ubaoni na yale ya kundi la simu. Nimeyasoma tangu la kwanza hadi la mwisho. Semina ya Jumatano imeahirishwa. Wahadhiri wanakumbushwa kujaza PEPMIS kabla mfumo haujafungwa. Mwenzetu amepandishwa cheo kuwa mhadhiri mwandamizi, hongera. Makala ya wenzetu wawili imekubaliwa na jarida la nje, hongera tena. Kuna ufadhili wa masomo ya uzamivu, maombi yafike kabla ya mwisho wa mwezi. Msiba. Ratiba ya wasimamizi wa mitihani. Msiba mwingine.

Siyadharau matangazo hayo. Mtu aliyepanda cheo anastahili kupongezwa na aliyefiwa anastahili kufarijiwa, na asiyejaza PEPMIS atajua mwenyewe. Kilichonishangaza ni kwamba katika muhula mzima halikuwapo tangazo hata moja linalomhusu mtu aliye nje ya uzio wa chuo. Hakuna mhadhiri aliyealikwa na shule. Hakuna mwalimu wa sekondari aliyekaribishwa kwenye semina. Mtu aliyeshushwa kutoka sayari nyingine akayasoma angedhani kwamba fizikia ni shughuli ya ndani ya majengo mawili, na kwamba wateja wake ni wale wale wanaoifanya.

Mimi si mwanafizikia. Ninafundisha sayansi ya jamii, na kwetu ni Tunduma, kwa hiyo nayasoma matangazo hayo nikiwa nimesimama mpakani. Nikisimama pale naiona fizikia kila upande, ila haina idara. Malori yanayoelekea Zambia na Kongo hupimwa kwenye mizani ya Mpemba, na ubishi wa dereva kuhusu uzito wa ekseli ni ubishi wa kani na mgawanyo wake, ingawa haujawahi kuitwa hivyo. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003, ina watumishi mpakani ambao kazi yao ni kupima mionzi katika vyakula na bidhaa nyingine. Mfanyabiashara wa mahindi anayelalamikia foleni na ada hajawahi kuelezwa, kwa lugha anayoiota usiku, mionzi ni nini na kwa nini gunia lake lipimwe. Anachokijua ni kwamba kuna karatasi nyingine ya kulipia. Nani alipaswa kumweleza? Mtu wa tume ana foleni mbele yake. Ukiniuliza mimi, nitasema ni kazi ya mwalimu wa fizikia, na nyuma yake ni kazi ya aliyemfundisha mwalimu huyo.

Lakini mfano unaoniuma zaidi uko Mbozi, si mbali na barabara kuu ya kutoka Tunduma kwenda Mbeya. Katika kijiji cha Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, limelala bonge la chuma lililoanguka kutoka angani. Wenyeji walilijua zamani. Ulimwengu wa maandishi ulipata habari zake mwaka 1930, baada ya mpima ardhi William Nott kufika pale. Wakati ule ilionekana sehemu ya juu tu. Udongo ukachimbwa kulizunguka, likabaki limeketi juu ya nguzo ya udongo ambayo baadaye iliimarishwa kwa zege. Tangu mwaka 1967 linalindwa kama kumbukumbu ya taifa, na sasa liko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Zaidi ya asilimia 90 yake ni chuma, karibu asilimia 9 ni nikeli, na kilichobaki ni shaba kidogo na chembe za fosforasi na salfa. Lina urefu wa mita 3 hivi na kimo cha takriban mita 1. Ni miongoni mwa vimondo vikubwa zaidi vinavyojulikana duniani.

Sasa uliza uzito wake. Maandishi ya zamani yalisema tani 25. Watalii wa ndani huambiwa tani 12. Orodha za kimataifa husema 16. Kwa miaka yote hii tumeishi na majibu matatu, kila mmoja akichukua lililomfikia kwanza, na hatujaona haya. Hata hivyo swali lenyewe liko ndani ya uwezo wa kidato cha pili. Mita moja ya ujazo ya mchanganyiko wa chuma na nikeli wa namna hii ina takriban tani 7.8. Kama kimondo kina tani 12, ujazo wake ni kama mita za ujazo 1.5; kama ni tani 16, ni mita 2 na ushei; kama ni tani 25, ni mita 3.2. Tofauti kati ya jibu la kwanza na la pili ni nusu ya mita ya ujazo, yaani pipa mbili na nusu za mafuta, zile za lita 200. Tofauti ya ukubwa huo huhitaji tu utepe wa kupimia, picha nyingi zilizopigwa kwa simu kutoka kila upande, kompyuta ya kuziunganisha, na mtu mwenye subira. Wanafunzi 20 wa Mbozi na mhadhiri mmoja wangeifanya kwa siku mbili. Matokeo yao yasingetikisa ulimwengu. Yangekuwa yao, na mtoto aliyepima nyota iliyoanguka kijijini kwao halikimbii somo la fizikia afikapo kidato cha tatu.

Nimetaja kidato cha tatu kwa sababu hapo ndipo wengi huliacha somo hilo. Mwalimu mmoja wa sekondari ya kata wilayani Momba alinieleza jinsi linavyoachwa. Yuko peke yake kwa vidato vyote vinne, na hisabati ya vidato viwili ni yake pia. Ana chumba kinachoitwa maabara, kina meza. Wanafunzi wake husoma juu ya voltimita kama wanavyosoma juu ya theluji. “Ndugu yangu,” aliniambia, “mimi sifundishi fizikia, nafundisha maswali ya fizikia.” Nilimuuliza mara ya mwisho lini alizungumza na mhadhiri wa chuo kikuu. Alijibu kwamba ni siku alipokabidhi ripoti yake ya mradi akiwa mwaka wa tatu.

Hapa ndipo matangazo ya idara yanapoacha kuwa jambo dogo. Sheria na hati za vyuo vyetu humpa mhadhiri majukumu matatu: kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. Jukumu la tatu katika vitendo limegeuka kuwa ushauri wa kitaalamu wenye malipo, au limebaki kuwa pambo la ripoti. Mhadhiri kijana anajua hesabu yake. Makala moja katika jarida linalotambulika humsogeza kuelekea cheo kinachofuata. Siku tatu Momba humrudisha nyuma kwa siku tatu. Serikali nayo imetangaza zawadi za fedha kwa wanaochapisha katika majarida makubwa ya kimataifa, jambo ambalo sina ugomvi nalo, ila sijasikia zawadi ya aliyeifufua maabara ya sekondari ya kata. Idara hutangaza kile inachokilipa, na watumishi hufanya kile kinachotangazwa.

Na ajabu ni kwamba habari maarufu kuliko zote zilizowahi kutoka katika fizikia ya nchi hii ilizaliwa na ziara ya shuleni. Mwaka 1963, Erasto Mpemba (asichanganywe na mizani yetu) alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa ya kuchemsha na sukari, na nafasi katika jokofu ilikuwa ya kugombania. Yeye akaingiza mchanganyiko wake ungali wa moto. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa wa moto. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu mwingine akasema kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Kisha akaja shuleni mgeni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza swali lile lile mbele ya watu, na wenzake wakamcheka.

Osborne hakuahidi kuamini, aliahidi kujaribu. Aliporudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto kweli yalitangulia kuganda, lakini akaongeza kuwa wangeendelea kurudia hadi wapate jibu sahihi. Kila mtumishi wa maabara nchini anapaswa kucheka hapo, kisha anyamaze kidogo. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala ya pamoja katika jarida la Physics Education, na tangu hapo jina la mwanafunzi huyo limeingia katika mijadala ya fizikia duniani kote. Wanafizikia wanabishana hadi leo kama jambo lenyewe lipo kweli na, kama lipo, linasababishwa na nini. Kwa hoja yangu ubishi huo si kasoro. Swali la mwanafunzi wa Magamba limewashughulisha maprofesa kwa zaidi ya nusu karne, na lisingetoka Iringa kama mhadhiri yule angekuwa na mfumo wa alama unaomwambia kwamba kutembelea shule ni kupoteza muda.

Shule ile ya Mkwawa, tangu mwaka 2005, ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kinaandaa walimu, wa fizikia wakiwamo. Kipo Iringa, mji unaopitiwa na barabara ile ile inayokuja hadi Tunduma.

Rafiki yangu ana majibu, na ni ya haki kuyaeleza. Anasema wahadhiri ni wachache na madarasa yamefurika. Anasema makala iliyopitiwa na wataalamu ndiyo njia ambayo sayansi hujisahihisha, na kwamba tukianza kupandishana vyeo kwa picha za mhadhiri akiwa amezungukwa na watoto tutapata wapiga picha wengi. Hoja hii ya pili ninaiogopa kwa sababu ni ya kweli. Ziara ya nusu siku yenye bango na chupa za maji haimsaidii mwalimu wa Momba kwa lolote. Ninachokitaka ni ziara inayorudiwa, yenye kazi ya kupima kitu, na yenye taarifa ambayo idara itaisoma kwa ukali ule ule inaosomea rasimu ya makala. Kazi ya namna hiyo inaweza kutathminiwa. Kuna mambo magumu zaidi tunayoyapa alama.

Iko pia hoja ya lugha, ambayo watu wa idara hizi huiepuka kwa tabasamu. Matangazo ya idara ya rafiki yangu yote yameandikwa kwa Kiingereza, isipokuwa ya misiba. TUKI walitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Maneno yapo, yamekaa rafuni. Nami nakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete na watu wakamiminika Rujewa, wilayani Mbarali, kulitazama. Wakati huo Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria alikuwa akiwaeleza Watanzania kwa Kiswahili kile watakachokiona na jinsi ya kulinda macho yao. Umati ule haukuitwa na ngoma. Uliitwa na maelezo yaliyoeleweka. Sasa fikiria semina moja tu kwa muhula, ya Kiswahili, saa ambayo mwalimu wa sekondari anaweza kufika au kuifuata kwa simu, tangazo lake likibandikwa pamoja na yale ya PEPMIS.

Kwa kuanzia, ningependekeza kimondo. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 30 Juni kuwa siku ya kimataifa ya asteroidi, kwa kukumbuka mlipuko wa Tunguska wa mwaka 1908, na hata kwetu Mbozi siku hiyo imeanza kuadhimishwa. Kwa bahati mbaya ni msimu wa mitihani vyuoni na likizo shuleni, kwa hiyo wanaokuja ni viongozi na wakimbiaji. Agosti ingefaa zaidi: mvua hakuna, shule zimefunguliwa kwa sehemu kubwa ya mwezi, na wahadhiri wengi wako likizo ndefu.

Nilimweleza mwalimu wa Momba wazo hili. Hakuniuliza habari za usafiri wala posho. Aliuliza kama msafara ukija unaweza kubeba mizani ya springi na voltimita mbili, kwa kuwa za shule zimekufa. Nimeufikisha ujumbe huo kwa rafiki yangu. Amenijibu kwamba ameuombea nafasi katika ajenda ya kikao kijacho cha idara, chini ya mengineyo.