Mtoto wa Miaka Saba Si Mshikaki

Leo sina mapishi wala mambo ya liwa na asumini. Leo nina hasira, naomba mnivumilie.

Mnaijua ile mbao ya magurudumu mawili inayotumia betri, mtoto anasimama juu na yenyewe inajisawazisha? Watoto wa Ulaya na Marekani waliipenda sana. Julai 2016 serikali ya Marekani ilitangaza zirudishwe zaidi ya 500,000, kwa sababu betri zake zilikuwa zikipata moto mpaka kuwaka. Kulikuwa na ripoti 99 za betri kufuka moshi, kuwaka au kulipuka, na taarifa 18 za watu kuumia. Dada yangu, kumi na nane! Nchi nzima ikaambiwa acheni kuzitumia.

Sasa twende Tanga, wengi wetu tuna mashoga na ndugu walioolewa kule. Simama asubuhi barabarani Korogwe, Mombo, Mkata, Kabuku au Handeni mjini. Utaona pikipiki moja imebeba dereva na watoto watatu wa shule, wa mbele amekaa juu ya tangi, wa nyuma miguu inaning'inia. Hakuna hata mmoja mwenye kofia ngumu. Tumeipa hali hii jina la kuchekesha, mishikaki. Mishikaki ni nyama, jamani. Hawa ni watoto.

Na msiniambie sheria haipo. Kanuni za pikipiki za biashara zinasema abiria awe mmoja, dereva na abiria wavae kofia ngumu, na mtoto wa chini ya miaka 9 asipakiwe. Zimeandikwa vizuri kabisa. Kinachonikera ni kwamba mtu akizitaja anaonekana mnoko, na dereva akisimamishwa anaulizwa leseni na bima huku watoto watatu wamekaa palepale mbele ya macho ya mkubwa.

Lakini mimi simtupii lawama mama wa Handeni peke yake. Mtoto wa awali na wa darasa la kwanza hajafika miaka 9. Sheria inamkataza kupanda bodaboda, sawa. Je, apande nini? Basi la shule ni la shule za kulipia. Mama anaamka alfajiri, ana shamba, ana kichanga mgongoni, na shule iko mbali. Barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha inapita katikati ya Korogwe, malori na mabasi usiku na mchana. Kumwacha atembee pembeni mwa malori nako ni hatari. Kwa hiyo anachagua bodaboda, na akichagua anakuwa mvunja sheria. Sheria inayokataza bila kuonyesha njia nyingine inabaki karatasi.

Halmashauri za Korogwe na Handeni zina uwezo wa kukaa na vijiwe vya bodaboda na kamati za shule wakapanga jambo hili. Bajaji au gari dogo la wanafunzi, lililokaguliwa, lenye idadi ya watoto iliyoandikwa mlangoni na dereva anayejulikana na wazazi. Trafiki nao wawe karibu na shule saa za kuingia na kutoka, waangalie watoto kabla ya karatasi. Na kofia ngumu za watoto ziingie madukani, maana ya mtu mzima kwa mtoto inapwaya na kumziba macho. Shirika la Afya Duniani liliwahi kusema kofia nzuri iliyofungwa vizuri hupunguza hatari ya kufa kwa karibu 40% na ya kuumia vibaya kichwa kwa karibu 70%.

Na sisi wanawake tuna sehemu yetu. Tunashona sare ya harusi kwa pesa ya maana, tunavaa siku moja, tunaweka kabatini. Lakini kofia ya mtoto tunasema ghali. Tukipanda wenyewe tunaikataa kofia, eti itaharibu ushungi au ina jasho la watu. Basi nunua yako, uvae juu ya mtandio mwepesi, na baibui ulikunje vizuri lisinaswe na gurudumu. Dereva akitaka kuongeza abiria wa pili, shuka. Kina mama watano wa mtaa mmoja wakichangishana wanaweza kukodi bajaji moja ya kupeleka watoto wao, kama tunavyocheza upatu.

Kuna watakaosema ajali ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Ni kweli, hakuna linalotokea ila kwa idhini Yake. Lakini tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza ndipo tutawakali. Kumpandisha mtoto juu ya tangi la petroli kisha kusema Mungu atamlinda si tawakali, ni uzembe uliovishwa kanzu. Mtoto ni amana, na amana huulizwa.

Wenzetu walitangaza mbao nusu milioni zirudishwe kwa ajili ya majeruhi kumi na wanane. Sisi tunasubiri wangapi?

Dada uliye Korogwe au Handeni, ukimaliza kusoma mtumie mwenyekiti wa kijiji chako, na yule kijana wa bodaboda anayempeleka mwanao shule. Anza na huyo.